Herufi za Kaiser: Frakturi, Kiswahili na Nyaraka Tusizozisoma

Jina la Kahe lina herufi nne tu, lakini mtu aliyepitia shule zetu akikabidhiwa gazeti la Kijerumani la zama za ukoloni atalisoma "Rahe", kwa kuwa K kubwa ya herufi zilizotumika wakati ule inafanana mno na R. Moshi, ambayo Wajerumani waliiandika "Moschi", ataiona kama "Mofchi". Usambara itageuka "Ufambara", na akiwa na haraka itakuwa "Afambara". Mpiga chapa hakukosea mahali popote. Herufi hizo ziliondoka katika matumizi ya kawaida, na sisi tuliorithi habari zilizoandikwa kwazo hatukurithi ufunguo wake.

Katika makala haya nataka kueleza herufi hizo ni zipi, zilifikaje katika miteremko ya Kilimanjaro, ziliondokaje, na kwa nini jambo linaloonekana kuwa la wapiga chapa ni jambo la siasa. Hoja yangu ni kwamba dola huchagua herufi kwa kuangalia inataka isomwe na nani. Wajerumani waliandika maagizo kwa ajili yetu kwa herufi tulizoweza kujifunza kuzisoma. Mambo yao wenyewe, yakiwamo mambo ya ardhi yetu, waliyaandika kwa lugha na herufi ambazo sisi hatukuhesabiwa miongoni mwa wasomaji wake. Mgawanyo huo ulikisaidia Kiswahili bila kukusudiwa, lakini umetuachia deni ambalo bado hatujalilipa.

Herufi zilizovunjika

Johannes Gutenberg alipochapa Biblia yake mjini Mainz karibu na mwaka 1455, alichonga herufi zilizoiga mwandiko wa watawa wa wakati wake: nyembamba, ndefu, zilizobanana, zenye kona kali badala ya mviringo. Ukurasa wake huonekana mweusi kwa mbali, na ndiyo sababu ya Waingereza kuziita herufi nyeusi. Wengine huziita herufi za Kigothi. Zina matawi kadhaa, na tawi lililotawala Ujerumani kwa karne nne liliitwa Fraktur, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kuvunjika, kwa sababu mstari wa kalamu hukatwa na kugeuzwa ghafla pale ambapo herufi za kawaida hupinda taratibu. Hapa nitaziita frakturi. Mfano wake wa mwanzo mashuhuri ni kitabu cha sala cha Kaiser Maximilian wa Kwanza, kilichochapwa Augsburg mwaka 1513. Tangu kuzaliwa kwake, basi, frakturi ilikuwa na muhuri wa kaiser.

Herufi tunazozitumia sisi, zile za duara ambazo Wajerumani huziita antikwa, zilikomazwa na wapiga chapa wa Italia, hasa Venice, katika miaka ya 1470. Nchi moja baada ya nyingine katika Ulaya ya magharibi zikazihamia. Tusidhani kuwa herufi za Kigothi zilikuwa mali ya Wajerumani kwa asili. Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James ya mwaka 1611 ilichapwa kwa herufi nyeusi, na vitabu vya sheria vya Uingereza vilizishikilia kwa muda mrefu. Wanasheria waliolelewa katika mapokeo ya Kiingereza hadi leo huzungumzia "sheria ya herufi nyeusi" wakimaanisha kanuni isiyo na ubishi. Tofauti ni kwamba wengine waliziacha, na Wajerumani wakaendelea nazo.

Ugumu wake kwa msomaji wa leo uko katika mambo machache. S ina maumbo mawili: fupi inayokaa mwishoni mwa neno au silabi, na ndefu inayokaa mwanzoni na katikati, ambayo inafanana na f isiyokuwa na kijiti upande wa kulia. Herufi ndogo k inafanana na t. I na J kubwa kwa kawaida zina umbo moja. B na V kubwa huchanganywa, vivyo hivyo A na U, K na R. Herufi kama ch, ck na tz hushikamanishwa kuwa kitu kimoja. Hakuna herufi za mlalo. Neno likitakiwa kusisitizwa, mpiga chapa hutanua nafasi kati ya herufi zake. Huo ndio karibu ugumu wote, na mtu mwenye bidii huumaliza ndani ya wiki chache.

Herufi kama bendera

Kufikia karne ya 19, Wajerumani walikuwa na mifumo miwili kwa pamoja. Frakturi ilikuwa ya kanisa, magazeti, riwaya na sheria. Gazeti la sheria la Dola, Reichsgesetzblatt, lilichapwa kwa frakturi. Antikwa ilitumika zaidi katika vitabu vya sayansi na katika lugha za kigeni. Wapo wasomi walioiona frakturi kuwa mzigo. Jacob Grimm, mkusanyaji wa hadithi na mwanzilishi wa kamusi kubwa ya Kijerumani iliyoanza kutoka mwaka 1854, aliitaka kamusi yake ichapwe kwa antikwa. Upande wa pili walikuwapo walioamini kuwa Mjerumani anayeacha frakturi anaacha sehemu ya utaifa wake, na Kansela Bismarck anatajwa kuwa mmoja wa waliokataa kusoma vitabu vya Kijerumani vilivyochapwa kwa antikwa.

Mwaka 1911 ugomvi huu ulifika katika Bunge la Ujerumani. Watetezi wa antikwa walitaka iwe ndiyo herufi ya kwanza kufundishwa shuleni na kutumiwa na serikali. Pendekezo lao lilikataliwa. Mwaka huohuo reli ya Usambara, iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, ilifika Moshi baada ya kupita Kahe. Kwa hiyo wakati reli ya dola inaingia Kilimanjaro, wabunge wa dola hiyo walikuwa wakibishana kama mtoto wa Kijerumani aanze kusoma kwa herufi zilizovunjika au kwa herufi za duara. Kuhusu mtoto wa Old Moshi au wa Kahe aliyekuwa chini ya dola hiyohiyo, jibu lilikwisha kutolewa zamani, na lilitolewa bila mjadala.

Ukurasa uliogawanyika

Wajerumani walipoingia pwani yetu, Kiswahili kilikuwa tayari kina historia ndefu ya maandishi kwa herufi za Kiarabu. Maliwali, wafanyabiashara na washairi waliandikiana kwa herufi hizo, na utawala wa Kijerumani wenyewe ulilazimika kuzisoma katika miaka yake ya mwanzo. Pembeni yake palikuwa na mapokeo mapya ya herufi za Kirumi. Ludwig Krapf na Johannes Rebmann, yule aliyeuona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, walikuwa Wajerumani, lakini walitumwa na chama cha misheni cha Uingereza na waliandika lugha zetu kwa herufi za Kirumi. Askofu Edward Steere na wenzake wa misheni ya Vyuo Vikuu kule Zanzibar walichapa Kiswahili kwa herufi hizohizo. Wanaisimu nao walikuwa na kanuni ya kuandika lugha zisizokuwa na maandishi, iliyotungwa na Karl Richard Lepsius wa Berlin katikati ya karne ya 19. Kanuni hiyo ilijengwa juu ya herufi za Kirumi na alama zake za juu na chini, ambazo masanduku ya frakturi ya mpiga chapa hayakuwa nazo.

Ndipo ikaja desturi moja ya uchapaji ambayo naiona kuwa na maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Katika kitabu cha Kijerumani kilichopangwa kwa frakturi, neno la kigeni lilipangwa kwa antikwa. Neno la Kilatini au la Kifaransa lilibadilishiwa herufi katikati ya sentensi, ili jicho litambue mara moja kuwa hili si la kwetu. Desturi hiyo ilipofikia maneno ya Kiafrika iliyatenga kwa namna hiyohiyo. Majina yaliyokwisha kuvishwa tahajia ya Kijerumani, kama Moschi, Aruscha na Kilimandscharo, yaliweza kuingizwa katika frakturi kama vitu vilivyokwisha kumilikiwa. Kwa hiyo msomaji wa Leipzig aliweza kuona kwa macho, kabla hata ya kuelewa maana, ni kipi katika ukurasa ni cha Mjerumani na ni kipi ni cha mwenyeji.

Mgawanyo uliokuwa ndani ya ukurasa mmoja ulikuwapo pia kati ya gazeti na gazeti. Kuanzia mwaka 1899 walowezi walikuwa na Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, lililochapwa Dar es Salaam kwa frakturi. Humo walibishana juu ya ardhi, kodi, vibarua, viboko na kazi ya shuruti. Kuanzia mwaka 1904 shule ya serikali ya Tanga ilitoa Kiongozi, gazeti la Kiswahili, kwa herufi za Kirumi. Humo wasomaji wa Kiafrika walipewa habari za serikali, barua kutoka wilayani, mafundisho na mashairi. Haya yalikuwa magazeti ya nchi moja, chini ya gavana mmoja. Lakini lile lililoamua habari za kibarua halikuandikwa kwa ajili ya kibarua kulisoma, na lile aliloweza kulisoma halikuamua chochote.

Msomaji atanipinga hapa, na ana haki. Atasema kuwa kizuizi kilikuwa lugha, na kwamba hata kama gazeti la walowezi lingechapwa kwa antikwa, Mchaga asiyejua Kijerumani asingelisoma. Ni kweli, na sidai kuwa umbo la herufi lilikuwa silaha iliyobuniwa kuwaficha watu mambo. Mpiga chapa wa Dar es Salaam alitumia frakturi kwa sababu ndivyo walivyofanya kwao. Ninachosema ni kwamba herufi ilikuwa ukuta wa pili nyuma ya ukuta wa lugha. Karani au mwalimu aliyepata Kijerumani kidogo kwa kusikia alikuta tena mlango mwingine wa kufungua. Na ukuta huo wa pili ndio unaotusumbua sasa, kwa kuwa wapo vijana wetu wanaojifunza Kijerumani kizuri, wakifika kwenye karatasi ya mwaka 1907 hawaoni hata mahali pa kuanzia.

Kahe, Machi 1916

Utawala wa Wajerumani katika eneo hili uliisha ndani ya siku chache. Majeshi ya Jenerali Jan Smuts yaliingia Moshi katikati ya Machi 1916. Paul von Lettow-Vorbeck alirudi nyuma hadi Kahe, penye mto Ruvu na reli, akajipanga kuitetea. Mapigano makali yalifikia kilele tarehe 21 Machi. Wajerumani walikuwa na mzinga mmoja wa manowari Königsberg. Waliulipua na kuuacha, kisha wakaondoka usiku kufuata reli kuelekea kusini-mashariki. Waingereza walikwisha kuanza kuleta reli yao kutoka Voi kupitia Taveta, na mwaka huohuo wakaiunganisha na reli ya Usambara hapo Kahe. Njia zote mbili zilikuwa na upana wa mita moja, basi hapakuwa na haja ya kung'oa kitu. Kahe, kijiji cha tambarare ambacho wengi walikijua kama kituo cha kupita, kikawa njia panda ya dola mbili.

Jambo kama hilo lilitokea katika kusoma, ingawa halikuandikwa katika taarifa za vita. Magazeti ya walowezi yalikufa mwaka huo. Kiongozi nalo lilikoma mwaka 1916. Lakini kijana aliyefundishwa kusoma kwa Kiongozi hakulazimika kujifunza upya. Herufi alizozijua ndizo zilizotumika katika vitabu vya Kiswahili vilivyotoka Zanzibar, na ndizo zilizotumika katika Mambo Leo, gazeti la Kiswahili lililoanzishwa na serikali ya Waingereza mwaka 1923. Mwenye kusoma alibaki mwenye kusoma. Laiti Wajerumani wangeamua kuwa heshima ya dola inadai Kiswahili nacho kivikwe frakturi, kizazi kizima cha wasomi wetu wa kwanza kingeamka baada ya vita kikiwa nusu hakijui kusoma.

Hapa pana kinaya ambacho wanafunzi wangu hukipenda. Kiswahili kiliachwa nje ya frakturi kwa sababu kilihesabiwa kuwa cha kigeni katika nchi yake chenyewe. Kuachwa huko ndiko kulikokiokoa. Lakini tusije tukamshukuru mkoloni kwa ajili hiyo. Serikali ilihitaji akida na karani wanaosoma amri haraka, na herufi za Kirumi zilikuwa njia fupi. Faida tuliyoipata ilitokana na hesabu zake, na sisi tukaitumia kwa hesabu zetu.

Mwaka 1941 na hesabu ileile

Watu wengi duniani wakiona herufi za Kigothi huwaza Hitler. Filamu zimechangia sana picha hiyo, na kweli chama chake kilizitumia kwa wingi katika mabango ya miaka ya 1930. Lakini serikali iliyozipiga marufuku ni hiyohiyo ya Hitler. Tarehe 3 Januari 1941 Martin Bormann alitoa waraka kwa amri ya Hitler akiagiza kuwa kuanzia sasa antikwa iwe ndiyo herufi ya kawaida. Sababu iliyotolewa ilikuwa uongo wa kibaguzi: kwamba eti herufi hizo zilikuwa za Kiyahudi. Waraka wenyewe ulichapwa kwenye karatasi ambayo kichwa chake kilikuwa bado kwa herufi za Kigothi.

Sababu ya kiutendaji si ngumu kuiona. Kufikia wakati huo Ujerumani ilikuwa imekalia nchi nyingi, na Mfaransa au Mholanzi aliyepewa tangazo la frakturi alishindwa kulisoma. Amri isiyosomeka haitiiwi. Kile ambacho utawala wa Kijerumani ulikwisha kukijua Tanga mwaka 1904, ulikikumbuka tena Ulaya mwaka 1941: ukitaka kumtawala mtu asiye wa kwenu, mwandikie kwa herufi anazoziweza. Bunge la mwaka 1911 lilikataa kuiacha frakturi kwa ajili ya watoto wa Wajerumani; vita vya kukalia nchi za watu viliiondoa ndani ya waraka mmoja.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi tuna daftari, ila tumeliacha bila wasomaji. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, imehifadhi mafaili ya serikali ya Kijerumani ambayo UNESCO iliyaingiza katika rejesta yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Yamo mambo ya ardhi, mashamba, misitu, reli, kesi, shule na kodi. Baadhi ya karatasi zilipigwa kwa taipu, na hizo husomeka kwa urahisi kwa anayejua Kijerumani. Baadhi ni chapa za frakturi. Nyingine ni mwandiko wa mkono uitwao Kurrent, ndugu wa frakturi, ambao ni mgumu zaidi, kwa kuwa e yake hufanana na n na kila ofisa alikuwa na mkono wake. Hata mwongozo wa mafaili hayo, ulioandaliwa kwa ushirikiano na wataalamu wa nyaraka kutoka Ujerumani na kuchapishwa mwaka 1973, uko kwa Kijerumani.

Kuna anayeweza kusema haya ni ya wanahistoria, wananchi yanawahusu nini? Tuchukue ardhi. Tarehe 26 Novemba 1895 Kaiser alitoa amri iliyotangaza kuwa ardhi yote isiyokuwa na mwenye kuthibitisha umiliki wake ni mali ya dola. Amri hiyo ndiyo iliyokuwa msingi wa kukatwa kwa mashamba ya walowezi kuzunguka Kilimanjaro na Meru. Waingereza walipokuja, mashamba ya Wajerumani yalitwaliwa kama mali ya adui na mengi yakauzwa kwa walowezi wengine. Mwaka 1951 Wameru walipofukuzwa Engare Nanyuki, na mwaka 1952 Kirilo Japhet aliposimama mbele ya Umoja wa Mataifa jijini New York kueleza dhuluma hiyo, mizizi ya shauri lao ilikuwa katika ramani na maandishi ya zama za Wajerumani. Mipaka ya mashamba, ya misitu ya hifadhi na ya njia ya reli tunayobishania leo ina kurasa zake za kwanza katika maandishi hayo.

Tuchukue pia miili ya wazee wetu. Mangi Meli wa Moshi alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine, na ukoo wake umedai kwa miaka mingi kurudishiwa fuvu lake. Mnamo Septemba 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin inayohifadhi mafuvu yaliyochukuliwa Afrika Mashariki ilitangaza kuwa vipimo vya vinasaba vimeyahusisha baadhi yake na koo za Kilimanjaro, ukiwamo ukoo wa Akida, mshauri wa Mangi Meli. Kazi ya namna hii huhitaji maabara, lakini huhitaji pia msomaji wa orodha, lebo na barua za maofisa. Je, msomaji huyo ni nani? Mara nyingi ni mtu wa Berlin au wa Leipzig, na sisi tunasubiri atuambie alichokiona. Barua na shajara za wamisionari wa Leipzig walioishi Machame, Mamba na Old Moshi tangu miaka ya 1890 sehemu kubwa ziko Halle, Ujerumani. Historia ya miteremko hii imehifadhiwa vizuri, ila anayeisoma kwanza si mtu wa hapa.

Kompyuta inasaidia, lakini haijamaliza kazi. Magazeti mengi ya koloni yamepigwa picha na kuwekwa kwenye mtandao, na zipo programu zinazogeuza picha kuwa maandishi, ikiwamo Transkribus inayojitahidi hata na mwandiko wa mkono. Lakini programu isiyofundishwa frakturi hufanya makosa yaleyale ya mwanafunzi wa siku ya kwanza: s ndefu huwa f, K huwa R. Mtafiti anayetafuta "Kahe" anaweza kuambiwa hakuna kitu, kumbe liko kwa jina la "Rahe". Anayejua tabia ya herufi hizi atatafuta mara mbili. Asiyejua ataandika katika tasnifu yake kuwa habari hazipo.

Herufi hizi leo

Frakturi na ndugu zake hawajafa. Kompyuta zetu nyingi zina aina ya Kiingereza iitwayo Old English Text, na kwa hiyo utaikuta kwenye vyeti, kwenye kadi za harusi, kwenye fulana za vijana na mgongoni mwa bajaji mjini Moshi. Vijana wameipata kwa njia ya muziki wa Marekani, ambako Wamarekani wenye asili ya Meksiko wa Los Angeles waliifanya kuwa mwandiko wa mtaa wao. Wenye kutengeneza vyeti wanaipenda kwa sababu nyingine: inaonekana ya kale na yenye mamlaka. Gazeti la New York Times limebaki na jina lake kwa herufi hizo kwa sababu kama hiyo. Siku hizi hutumika kwa kichwa cha habari, kwa jina, kwa neno moja au mawili. Hakuna anayetarajia kusoma ukurasa mzima.

Sina ugomvi na fulana wala bajaji. Ninachowaomba watumishi wa umma wakitafakari ni ile hamu ya kufanya hati ionekane nzito kuliko inavyosomeka. Tumeirithi kwa njia nyingi. Mwananchi wa Kahe anayepelekewa notisi ya ardhi, mkataba wa mkopo au fomu ya fidia iliyoandikwa kwa Kiingereza cha kisheria yuko mahali palepale alipokuwa babu yake mbele ya amri ya Kaiser, hata kama herufi ni za duara na wino ni mzuri. Mwaka 2021 Bunge letu lilibadili sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hatua hiyo nimeiunga mkono. Lakini sheria haijifasiri yenyewe, na ofisi nyingi bado zinaandika kana kwamba msomaji wao ni ofisi nyingine.

Kwa hiyo nina mapendekezo matatu. Kwanza, idara za historia katika vyuo vikuu vyetu zifundishe usomaji wa frakturi na Kurrent, sambamba na usomaji wa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Hatuhitaji maelfu ya watu. Wanafunzi watano au sita kwa mwaka wenye Kijerumani cha kutosha wangebadili hali ndani ya muongo mmoja. Pili, mwongozo wa mafaili ya Kijerumani utafsiriwe kwa Kiswahili, ili hata mtu asiyejua Kijerumani ajue faili la kijiji chake lipo na lina namba gani. Tatu, wanaharakati wanaoshughulikia ardhi na kurudishwa kwa mabaki ya wazee wetu wadai nakala pamoja na unukuzi wake, maana picha ya karatasi isiyosomeka haijamrudishia mtu kitu.

Kwa wanafunzi wangu nina kazi ndogo ya kuanzia. Tafuteni mtandaoni toleo moja la Deutsch-Ostafrikanische Zeitung. Msihangaike na maana kwanza. Tafuteni majina mnayoyajua: Tanga, Tabora, Moschi, Kahe. Mkishaitambua K, mtaijua k. Mkishaijua s ndefu, nusu ya ukurasa itafunguka. Kisha fungueni kamusi, muanze kusoma walichokuwa wakisema juu yetu wakiamini kuwa hatutakisoma kamwe.